Jimbo Lenye Gavana na Jimbo Lenye Mbunge: Mipaka ya Utawala na Mipaka ya Kura katika Shirikisho la Nigeria

Katika mkutano wa hadhara wa kata mojawapo ya wilaya yetu, baada ya taarifa ya miradi kusomwa, mzee mmoja aliomba nafasi akasimama. "Mwanangu," aliniambia, "redioni tunasikia kwamba kule Nigeria jimbo lina gavana wake, bajeti yake na bunge lake. Sisi nasi tuna jimbo, lakini hospitali ya jimbo hatujaiona. Je, tukigawiwa jimbo jipya, hospitali itakuja?"

Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza, kwa kuwa kila mmoja alitaka kulisikia jibu. Katika kata ile lipo boma la zahanati lililojengwa kwa nguvu za wananchi, nalo limekaa misimu kadhaa likisubiri kuezekwa. Wapo waliokwisha kuanza kukusanya saini za kuomba jimbo jipya, wakiamini kwamba bati na mganga vitakuja pamoja nalo. Nilijibu kwa neno moja, "Hapana," na jibu hilo halikumridhisha mzee wala halikuniridhisha mimi. Swali lake lilistahili maelezo kamili. Makala haya ni kulipa deni hilo.

Neno moja, mambo mawili

Chanzo cha utata ni neno lenyewe. Hapa kwetu, jimbo ni eneo linalomchagua mbunge mmoja. Halina ofisi ya utawala, halikusanyi ushuru wala haliajiri mwalimu. Kwa Nigeria, Marekani, Ujerumani au India, neno hilohilo hutumika kutajia sehemu ya shirikisho yenye serikali yake, yenye mamlaka ambayo serikali kuu haiwezi kuyafuta kwa waraka. Wazee wetu wanaikumbuka hata maana ya tatu. Enzi za ukoloni palikuwa na Jimbo la Ziwa, Jimbo la Kusini na Jimbo la Kaskazini, yaani maeneo makubwa ya utawala ambayo nafasi yake baadaye ilichukuliwa na mikoa.

Majirani zetu wa Kenya wameliepuka tatizo hili kwa kutumia maneno mawili tofauti. Wana kaunti 47 zenye magavana, na maeneo bunge 290 yenye wabunge. Ili tusipotezane njiani, nitaliazima neno lao. Nikisema "jimbo" kuhusu Nigeria, nina maana ya lile lenye gavana. Nikisema "eneo bunge", nina maana ya lile la mbunge.

Ngazi za utawala Nigeria

Shirikisho la Nigeria lina majimbo 36 na eneo la Mji Mkuu wa Abuja, ambalo halina gavana bali huongozwa na waziri kwa niaba ya Rais. Kila jimbo lina gavana aliyechaguliwa kwa kura na Baraza la Kutunga Sheria lenye wajumbe wasiopungua 24 na wasiozidi 40. Lagos na Kano, majimbo yenye watu wengi kuliko mengine, yana wajumbe 40 kila moja, ilhali Bayelsa ina 24.

Chini ya majimbo ziko serikali za mitaa. Katiba ya mwaka 1999 inazitaja kwa idadi: maeneo 768 katika majimbo, pamoja na mabaraza 6 ya Abuja. Jumla ni 774, na majina yake yameorodheshwa ndani ya Katiba yenyewe. Maana yake ni kwamba serikali ya jimbo haiwezi kujiongezea halmashauri moja peke yake ikawa imekamilika kisheria. Sharti Bunge la Taifa lishiriki.

Juu ya majimbo husikika pia habari za "kanda sita", kama vile Kaskazini Magharibi au Kusini Mashariki. Kanda hizo hazina serikali wala bajeti ya utawala. Ni mpango wa kisiasa unaotumika kugawana nyadhifa ili upande mmoja wa nchi usijione umetengwa.

Kutoka mikoa mitatu hadi majimbo 36

Nigeria ilipata uhuru mwaka 1960 ikiwa na mikoa mikubwa mitatu: Kaskazini, Magharibi na Mashariki. Mkoa wa Kaskazini peke yake ulikuwa mkubwa, kwa ardhi na kwa watu, kuliko mingine miwili ikijumlishwa. Kila mkoa ulitawaliwa na kabila moja kubwa, na makabila madogo yaliyokuwa ndani yake yaliona kwamba sauti yao haifiki popote. Mwaka 1963 mkoa wa nne, wa Kati Magharibi, ulizaliwa kwa kura ya maoni ya wakazi wake. Huo ndio mgawanyo pekee wa Nigeria huru uliofanywa kwa kura ya wananchi.

Yaliyofuata yalitoka kwa amri za kijeshi. Tarehe 27 Mei 1967, Yakubu Gowon aliivunja mikoa minne na kuunda majimbo 12. Kaskazini iligawanywa mara sita na Mashariki mara tatu. Siku tatu baadaye, tarehe 30 Mei, Odumegwu Ojukwu alitangaza kwamba Mashariki imejitenga na kuwa Biafra. Mgawanyo wa mipaka haukuwa chanzo pekee. Mauaji na mapinduzi ya mwaka uliotangulia yalikuwa yamekwisha kuvunja imani. Hata hivyo, ramani mpya iliwatenganisha Waigbo na maeneo ya pwani yenye mafuta na bandari, na kila upande ulitambua uzito wa mstari huo. Vita viliendelea hadi Januari 1970, na waliokufa, wengi wao kwa njaa, walihesabiwa kwa malaki. Taifa letu halikukaa kando: tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra.

Baada ya vita majimbo yaliendelea kuongezeka. Yalifika 19 mwaka 1976, 21 mwaka 1987, 30 mwaka 1991 na 36 mwaka 1996. Mara zote hizo aliyetia saini alikuwa mtawala wa kijeshi. Katiba ya sasa imeweka masharti magumu zaidi: maombi yaungwe mkono na theluthi mbili ya wawakilishi wa eneo husika katika ngazi zote, kisha theluthi mbili ya wapiga kura wa eneo hilo waridhie kwa kura ya maoni, kisha majimbo mengi ya shirikisho yakubali, na mwisho theluthi mbili ya wabunge wa kila chumba cha Bunge la Taifa wapitishe. Maombi yamekuwa mengi, lakini hakuna jimbo lililozaliwa kwa njia hiyo tangu Katiba hiyo ianze kutumika.

Mipaka ya kura

Sasa tuhame kutoka mipaka ya utawala hadi mipaka ya kura. Bunge la Taifa la Nigeria lina vyumba viwili. Katika Seneti kila jimbo, kubwa au dogo, huchagua maseneta watatu, na Abuja huchagua mmoja. Jumla ni 109. Katika Baraza la Wawakilishi wamo wabunge 360, na kila mmoja hutoka katika eneo bunge moja. Katiba inaagiza kwamba maeneo bunge yawe na watu wanaokaribiana kwa idadi, na kwamba eneo bunge moja lisivuke mpaka wa jimbo kuingia katika jimbo lingine.

Tofauti ya vyumba hivyo huonekana vizuri kwa hesabu. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2006, Lagos ilikuwa na watu 9,113,605 na Bayelsa watu 1,704,515. Lagos ina wabunge 24 na Bayelsa ina 5. Ukigawanya, mbunge mmoja wa Lagos anawakilisha watu wapatao 380,000, na wa Bayelsa watu wapatao 341,000. Tofauti si kubwa. Lakini kila jimbo lina maseneta watatu. Basi seneta mmoja wa Lagos anasimama kwa niaba ya watu zaidi ya milioni tatu, na wa Bayelsa kwa niaba ya watu wapatao 568,000.

Je, huo ni uonevu? Waliotunga Katiba walilikusudia hilo. Chumba kimoja huhesabu watu, na kingine huhesabu majimbo. Mkulima wa jimbo dogo asipokuwa na chumba cha pili, atashindwa kwa wingi wa kura za wakubwa kila siku. Na mkazi wa jimbo kubwa asipokuwa na chumba cha kwanza, kura yake itapungua thamani.

Yapo mambo ambayo mgawanyo huo haukuweza kuyatibu. Katiba inataka maeneo ya uchaguzi yapitiwe upya kwa vipindi visivyopungua miaka kumi, lakini mipaka inayotumika ni ile iliyochorwa mwaka 1996, na sensa ya mwisho ni ya mwaka 2006. Watu wanahama, miji inavimba, lakini mistari imebaki palepale. Mtaa uliokuwa shamba wakati wa kuchora leo una maelfu ya kaya, na bado una mwakilishi yuleyule mmoja anayegawana na wengine.

Theluthi mbili ya 19

Mipaka ya utawala na ya kura hukutana katika uchaguzi wa Rais. Mgombea wa Nigeria hashindi kwa kura nyingi peke yake. Ni lazima pia apate angalau robo ya kura katika theluthi mbili ya majimbo. Sharti hilo limewekwa ili asichaguliwe mtu anayependwa na upande mmoja tu wa nchi.

Mwaka 1979 sharti hilo lilifika mahakamani. Majimbo yalikuwa 19, na theluthi mbili ya 19 ni 12 na theluthi mbili. Shehu Shagari aliongoza kwa kura na alipata robo katika majimbo 12, lakini katika la kumi na tatu, Kano, hakuifikia. Obafemi Awolowo alidai kwamba jimbo halikatwi vipande, hivyo yalihitajika majimbo 13 kamili. Tume ya uchaguzi ilishikilia kwamba inatosha kupata robo ya theluthi mbili ya kura za Kano. Mahakama ya Juu, mwezi Septemba mwaka huo, iliuacha ushindi wa Shagari usimame, akaapishwa tarehe 1 Oktoba. Yakiwa majimbo 36, theluthi mbili ni 24 bila sehemu. Kisa hicho kinaonyesha kwamba idadi ya majimbo, jambo linaloonekana la kiofisi tu, yaweza kuamua nani aiongoze nchi.

Mpaka na fedha

Kwa nini basi kila upande wa Nigeria hudai jimbo lake? Jibu kubwa ni fedha. Mapato ya shirikisho, hasa ya mafuta, huingia katika mfuko mmoja na kugawanywa kila mwezi: asilimia 52.68 kwa serikali ya shirikisho, asilimia 26.72 kwa majimbo na asilimia 20.60 kwa serikali za mitaa. Katika fungu la majimbo, asilimia 40 hugawanywa sawasawa kwa kila jimbo bila kujali ukubwa, na asilimia 30 kwa idadi ya watu. Hivyo jimbo likigawanyika kuwa mawili, wakazi walewale wanapata mafungu mawili ya ule usawa badala ya moja.

Angalia Kano. Mwaka 1991 ilimegwa na kuzaa Jigawa. Leo Kano ina serikali za mitaa 44 na Jigawa 27, jumla 71. Lagos, ambayo kwa sensa ya 2006 ilikaribiana na Kano peke yake kwa watu, ina 20 tu. Lagos ilijaribu kusawazisha mambo kwa kuunda halmashauri 37 za ziada. Serikali ya shirikisho ikazuia fedha za serikali za mitaa za jimbo hilo. Mwezi Desemba 2004 Mahakama ya Juu iliamua kwa pande zote mbili: Rais hana mamlaka ya kuzuia fedha hizo, lakini halmashauri mpya haziwi kamili mpaka Bunge la Taifa lizitambue.

Hata pale mpaka ulipo halali, fedha huweza kukwama njiani. Kwa miaka mingi fungu la serikali za mitaa lilipitia katika akaunti ya pamoja na jimbo, na halmashauri nyingi zililalamika kwamba kilichowafikia hakikuwa kile kilichotumwa. Tarehe 11 Julai 2024 Mahakama ya Juu iliamua kwamba majimbo hayana haki ya kuzishikilia fedha hizo, na kwamba zilipwe moja kwa moja kwa halmashauri zilizochaguliwa na wananchi.

Upande wa pili wa sarafu nao tuutazame. Kila jimbo jipya lina gavana, makamishna, majaji, ofisi, magari na mishahara. Fungu linaloongezeka hulipa kwanza gharama za kuwapo kwa jimbo lenyewe, na kinachobaki ndicho hujenga zahanati.

Turudi nyumbani

Tanzania si shirikisho la namna hiyo. Tuna Muungano wenye serikali mbili, na kwa upande wa Bara mikoa 26 ni ngazi ya utawala wa Serikali Kuu. Mkuu wa Mkoa huteuliwa na Rais. Hachaguliwi kama gavana. Mikoa mipya huundwa kwa mamlaka ya Rais, kama tulivyoona Geita, Katavi, Njombe na Simiyu mwaka 2012, na Songwe mwaka 2016.

Majimbo ya uchaguzi yako chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, jina linalofanana na la Tume ya Nigeria. Katiba yetu, Ibara ya 75, inaipa Tume kazi ya kuchunguza mgawanyo wa majimbo mara kwa mara, na angalau kila baada ya miaka kumi, ikizingatia idadi ya watu, njia za mawasiliano na hali ya kijiografia. Kwa uchaguzi wa mwaka 2025 yaliongezwa majimbo manane, yakawa 272: Bara 222 na Zanzibar 50.

Jimbo jipya huleta nini, basi? Huleta mbunge mwingine, yaani sauti nyingine bungeni na mjumbe mwingine katika Baraza la Madiwani, pamoja na Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Hayo ni mambo mema na si madogo. Lakini jimbo halileti mkurugenzi, mganga wala mwalimu, kwa sababu hao hufuata mipaka ya halmashauri, kata na kijiji. Sera ya Afya ya mwaka 2007 ililenga zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Haikutaja hospitali ya jimbo la uchaguzi.

Kwa hiyo, kila haja ina mlango wake:

• Zahanati, shule ya msingi na shule ya kata: anza katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaotakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kutoka hapo hoja hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani huibeba hadi Baraza la Madiwani, ambalo ndilo hupitisha bajeti ya Halmashauri.

• Barabara za vijijini: TARURA ofisi ya wilaya, kupitia kwa mtendaji na diwani.

• Maji vijijini: RUWASA ofisi ya wilaya, pamoja na chombo cha watumia maji cha eneo lenu.

• Sheria, sera na maswali kwa mawaziri: mbunge wa jimbo.

• Kugawanya kijiji au kata: maombi huanzia mkutano wa kijiji, hupita katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, Baraza la Madiwani na Kamati za Ushauri za Wilaya na Mkoa, kisha hufika kwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI.

• Kugawanya jimbo la uchaguzi: maombi hujadiliwa katika vikao vya halmashauri, wilaya na mkoa, na uamuzi ni wa Tume.

Si kusudi la makala haya kumkataza mwananchi kuomba jimbo. Ni haki yake, na pale ambapo watu wamekuwa wengi kuliko mbunge mmoja anavyoweza kuwahudumia, ni maombi ya busara. Kusudi ni kwamba saini zikikusanywa, kila anayetia dole gumba ajue anaomba nini na hatapata nini. Miaka inayotumika kusubiri jimbo isiwe miaka ambayo boma linalowa mvua.

Kwa mzee aliyeuliza: boma lenu halikuwa limeingizwa katika mapendekezo ya bajeti, kwa sababu muhtasari wa mkutano wa kijiji ulioliombea fedha haukufika kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kosa hilo halirekebishwi na mpaka mpya. Linarekebishwa katika mkutano ujao wa kijiji: akidi itimie, hoja iandikwe, muhtasari utiwe saini, na nakala moja ibaki mikononi mwa wananchi. Ukija, shikamoo yako ninayo, na swali la pili ulilotaka kuuliza siku ile kabla muda haujaisha nitalisikiliza.